Kila Hedifoni Ninayonunua Ina Upande Mmoja Mbovu

Mpendwa mshauri,

Nakusalimu wewe na wote wanaokusaidia kusoma barua zetu, na naomba msaada wako, tena naomba usiitupe barua hii ukiona inahusu vyombo vya muziki na si ndoa, maana najua umezoea wake na waume na mawifi, lakini mimi nimekwama, sina mwingine wa kumuuliza, na hivi vyombo ninavyovisema ndivyo vinavyotulisha na sasa vinataka kunivunjia nyumba.

Mimi ni mtunzi wa muziki, mtu mzima, nina mke na binti mmoja anayesoma, na kazi yangu naifanyia nyumbani kwenye kona ya chumba cha kulala, kati ya kabati na dirisha, ambapo nimeweka meza, kompyuta, kinanda, spika mbili ndogo, na godoro kuukuu nimelisimamisha ukutani ili sauti isirudi rudi. Natunga nyimbo za matangazo ya redio, za kufungulia vipindi, na za maharusi wanaotaka wimbo wenye majina yao ndani. Kama kuna tangazo la sabuni lilikuganda kichwani mpaka ukalichukia, huenda ni langu, niwie radhi. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na wateja wamewahi kunirudishia maneno, wamewahi kunirudishia hata mwimbaji, lakini sauti hakuna aliyewahi kunirudishia.

Tatizo langu ni hedifoni. Ile niliyoizoea ilianza kufifia upande wa kulia mvua zilipoanza, sauti ikawa inatoka kama ya mtu anayeongea amejifunika shuka, nikasema imezeeka, kila kitu kina mwisho wake, nikanunua nyingine. Hiyo mpya ilikuwa nzito na mito yake migumu, na mimi navaa miwani, basi ikawa inaigandamiza miwani kwenye mfupa nyuma ya sikio mpaka naivua na alama, masikio yamelowa jasho, kichwa kinagonga, na pamoja na mateso yote hayo upande wa kulia nao ukafifia vilevile. Nikairudisha. Muuzaji akaivaa, akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Mzee, mbona iko sawa?" Nikamwambia masikio yake ni ya kuuzia, si ya kutungia. Akanibadilishia, nadhani ili niondoke dukani. Hiyo aliyonibadilishia ikafanya yaleyale, na ninayotumia sasa, ambayo niliinunua duka jingine kabisa, nayo ni hivyohivyo, upande wa kushoto unaimba, wa kulia unanong'ona.

Usidhani sijahangaika. Nimebadilisha waya, nimechomelea upya kichwa cha waya, nimesafisha matundu ya kompyuta kwa brashi, nimefuta programu nikaiweka tena, nimenunua hata kile kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na hedifoni, wapi. Nikasema basi niachane na hedifoni nitumie spika, na spika nazo zikaanza ugonjwa uleule, ya kulia dhaifu, ikabidi niwe naisogeza karibu yangu kidogo kidogo, na sasa iko ukingoni kabisa mwa meza, karibu inikalie begani, na mwenzake yuko kule mbali kwenye kona, mke wangu akipita anaigonga kwa kiuno. Tena chumba kimeingiwa na mluzi mwembamba usiokoma, nadhani ni umeme wa nyumba hii, nimezima friji, nimechomoa kila kitu ukutani, mluzi uko palepale, na mke wangu ananiambia yeye hausikii. Raha yangu ni nikilala ubavu wa kushoto, hapo nyumba nzima inatulia, hata mbwa wa jirani sijui huwa wanamfunga saa hizo.

Sasa nikupe lililonifanya niandike. Nilipata kazi ya tangazo la mwenye kiwanda cha magodoro, mtu mkubwa, ambaye akikupenda anakupa kazi za mwaka mzima. Nikatunga, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akapiga gitaa na kuimba, kama kawaida yetu, maana huyo kijana nimemfundisha mwenyewe tangu vidole vyake havijafika nyuzi zote. Nikaupeleka wimbo ofisini kwa yule bwana. Ana spika kubwa ukutani, moja huku na moja huku. Wimbo ulipoanza, kulia kukalipuka gitaa na ngoma kali zinazochoma mpaka katibu wake akakunja uso, na kushoto akawa anasikika mwimbaji peke yake, mbali, kama mtu aliyefungiwa mlango. Yule bwana akauliza, "Huyu anayeimba mlimkosea nini?" Watu wakacheka. Mimi niliziona sura zao zinavyocheka, na wimbo wenyewe hata sikuuelewa, kwangu ulikuwa sawa tu kama nilivyouacha nyumbani. Akasema nirekebishe nilete tena, mara moja tu.

Nikarudi nyumbani damu inachemka. Shemeji ndiye aliyekaa kwenye kompyuta kabla yangu siku ile, akirekodi gitaa, nikajua ni yeye ameshikashika vile vidhibiti. Nikamwambia mbele ya dada yake maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa, kwamba namlea nyoka, kwamba anataka kazi yangu. Akasema, "Shemeji, sikugusa." Nikamwambia achukue gitaa lake. Akalichukua. Sasa anapakia mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na vidole vile, ukiviona.

Tangu siku hiyo nyumba imepoa. Mke wangu hanigombezi, afadhali angenigombeza. Kwenye kochi alikuwa anakaa siku zote upande wa dirisha, kulia kwangu, sasa amehamia kushoto, nikimuuliza anasema dirishani kuna upepo. Binti naye ameingia umri mbaya, anaongea ndani ya meno, ukimwambia arudie anapumua kwa nguvu, na siku hizi akitaka kuniambia kitu ananitumia ujumbe kwenye simu naye yuko sebuleni, hatua chache tu. Simu yenyewe ni mbovu pia, inasikika vizuri nikiiweka sikio la kushoto tu. Kila kitu ninachokigusa kimeharibika.

Basi naomba unishauri, au umuulize anayejua, ninunue hedifoni gani isiyoumiza, ambayo mwenye miwani anaweza kuivaa kutwa, na isiyokufa upande mmoja, na spika gani zinazofaa chumba kidogo. Kazi ya magodoro inanisubiri. Nikiikosa, na wengine watasikia, mji wetu wa watunzi ni mdogo na midomo ni mipana. Sijui kazi nyingine. Nikiambiwa siwezi tena hii, sijui nitamwambia binti yangu mimi ni nani.

Ni mimi,
Mtunzi Niliyechoka

*

Mtunzi mwanangu,

Nikujibu kwanza ulichouliza, usije ukasema nimekukwepa. Mimi muziki wangu ni wa kuosha vyombo, kwa hiyo nilimtafuta bwana mmoja anayerekodi sauti, mtu wa makamo kama wewe. Anasema hivi. Hedifoni ya kukaa nayo kutwa iwe nyepesi, mito yake iwe laini na mipana, imeze sikio lote badala ya kulikalia juu, na isibane. Ivae dukani ukiwa na miwani yako, ukae nayo mpaka muuzaji akuchoke, ndipo utajua kama inauma. Kama hakuna kelele nyumbani, chagua ile yenye migongo iliyotobolewa inayopitisha hewa, masikio hayatoki jasho wala hayachoki upesi. Ikimwaga besi tamu mno, iache, hiyo ni ya kumfurahisha msikilizaji, mtunzi itamdanganya. Spika ziwe ndogo kama chumba, zikae usawa wa masikio, mbali na kona na ukuta, na zote mbili ziwe umbali mmoja kutoka kichwani kwako. Umbali mmoja, umesikia? Na sauti isizidi ile ambayo mtu aliyekaa kando yako anaweza kuongea nawe bila kupaza.

Haya, hilo nimelimaliza. Kalamu yangu ingetulia hapo ungenishukuru, ungekwenda dukani, na ungekuwa umeangamia.

Maana yule bwana nilimsomea barua yako yote kwenye simu, bila kusema imetoka wapi. Nilipomaliza akaniuliza neno moja, "Ameigeuza?" Nikamuuliza ageuze nini. Akasema, "Hedifoni. Upande wa kulia auvae kushoto. Hicho ndicho kitu cha kwanza anachofanya kila mtu wa kazi hii. Ubovu ukihama, ni wa hedifoni. Ukibaki sikio lilelile, si wa hedifoni."

Nikairudia barua yako. Nikaisoma tena, na tena nikiwa nimevaa miwani ya kusomea. Umechomelea waya. Umefuta programu. Umechomoa friji, maskini friji imekukosea nini. Umemvunjia heshima muuza duka, umemfukuza kijana wa watu, umeisogeza spika mpaka imekuwa mtoto wa mgongoni. Kugeuza hedifoni, jambo la kufumba na kufumbua, lisilohitaji hata bisibisi, hakuna mahali umeandika kwamba umelifanya. Na wewe ni fundi wa miaka mingi. Usiniambie ulisahau. Hukusahau, mwanangu, uliogopa.

Nakuelewa kuliko unavyodhani. Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, na macho yalipoanza kumsaliti alibadilisha balbu za nyumba nzima. Akahamisha cherehani dirishani, akamgombeza muuza nyuzi kwamba rangi zake siku hizi zimepauka, mimi akaniambia sifagii vumbi. Nikawa namtungia uzi kwenye sindano kabla hajaamka na kuziacha zimepangwa, nikidhani namsitiri. Tulikuwa tunasitiriana hivyo, yeye akinificha na mimi nikimficha kwamba najua, mpaka siku aliyokwenda kwa daktari hapakubaki cha kuokoa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo akiwa amekaa tu. Kwa hiyo ukinisoma leo ninakufokea, jua ninayemfokea si wewe peke yako.

Sasa itazame nyumba yako. Mkeo kakuambia kuna upepo dirishani. Upepo gani? Amehamia kushoto kwako ili umsikie akikuita jina. Binti yako haongei ndani ya meno, amechoka kuona baba yake anakasirika kila akirudia, akaona ujumbe wa simu hauna ugomvi. Mbwa wa jirani hajafungwa, wewe ndiye umelalia sikio zima. Na mluzi ule mkeo hausikii kwa sababu haumo chumbani, umo ndani yako, na huo hata mimi nisiyejua kinanda najua ni jambo la daktari. Hao wawili wanajua, mwanangu. Wanakuzunguka kwa ncha za vidole wakisubiri useme mwenyewe.

Mbona umekaa na hofu hii peke yako kama mwizi na alichoiba? Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chako kimeshaanza, ila umemliza mtu mwingine. Shemeji yako alisema hakugusa. Hakugusa. Wewe ndiye uliyekuwa unaongeza kulia kila siku ili sikio lako lipate haki yake, ukampunja kushoto yule mwimbaji, tena sauti yake mwenyewe, kisha ukamfukuza kwa kosa hilo. Umetafuta mchawi ukamkuta ndani ya nyumba, ndivyo tulivyo sote tukiogopa. Lakini kijana anabeba saruji kwa vidole ulivyovifundisha, na dada yake anakupikia huku moyo umempasuka vipande viwili. Hilo siwezi kukuhurumia. Utamfuata kule dukani kwa miguu yako, mbele ya hao anaobeba nao mifuko, na utamwambia ulikosea. Usimtumie ujumbe, wala usimtume dada yake. Ulimtukana mbele ya dada yake, basi kamsafishe mbele ya watu.

Na kazi ya magodoro umpe yeye aimalizie akiwa amekaa kando yako. Yule bwana wa kurekodi anasema wapo watu wa kazi hii wenye sikio moja, wanatunga na wanakula. Wanasikiliza sauti za pande zote mbili zikiwa zimeunganishwa kuwa moja, na mambo ya kulia na kushoto wanamwachia mtu mwenye masikio mawili wanayemwamini. Wewe huyo mtu ulikuwa naye. Kutunga hakukai sikioni, la sivyo usingeamka na wimbo kichwani kabla hujawasha kitu chochote. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: si kazi itakayokuwa kama zamani, na zipo nyimbo utakazoshindwa. Utahuzunika, na una haki ya kuhuzunika.

Kinachonitisha mimi ni hilo sikio la kushoto. Kwa muda wote huu umekuwa ukipandisha sauti ili kulia kusikike, na kushoto nako kunapigwa palepale, kunalipia deni lisilo lake. Ukiendelea hivi utamaliza yote mawili. Kwa hiyo usinunue kitu. Hedifoni usiivae tena kwa kazi mpaka daktari wa masikio amekuona, na nimesema daktari wa masikio, si jirani mwenye mafuta ya uvuguvugu, wala muuza dawa wa kona, wala njiti ya pamba. Tangu mvua zilipoanza mpaka leo ni muda mrefu kwa sikio. Ningekuwa nimeipata barua yako wiki ile ya kwanza ningekuambia ukimbie bila viatu. Sasa siwezi kukuahidi kwamba kilichokwenda kitarudi. Huenda ni nta tu na mimi nimekutisha bure, na hapo uniandikie unitukane, nitachapa. Lakini hujaniandikia kama mtu anayeamini ni nta.

Basi fanya hivi leo, mchana kweupe. Mwite mkeo chumbani, umwambie aketi kitandani karibu nawe. Usimweleze chochote kwanza. Vaa hedifoni, weka wimbo unaoujua vizuri kuliko zote, sauti chini, usikilize. Kisha ivue, uigeuze, uivae tena.

Ubovu ukiwa umehamia kushoto, uko huru, nenda dukani na maelekezo niliyokupa. Ukiwa umebaki kulia, usibadilishe waya. Ivue taratibu, uiweke mezani, umgeukie mkeo umwambie, "Si hedifoni. Ni mimi." Hatashangaa. Mwache alie kidogo, na wewe kama unataka kulia lia, kisha vaeni viatu mwende hospitali.